Siku Kumi za Kamanda

Lwapu, lwapu, lwapu.

Syombua alifumbua macho gizani na kubana pumzi. Sauti ilitoka nyuma ya jiko, kwenye zizi dogo la mawe ambalo zamani lilikuwa la ndama. Ulimi ulikuwa ukichota maji kwenye sufuria kuukuu, bila haraka. Sufuria ikakwaruza sakafu, kisha kukawa kimya. Alihesabu mpaka kumi. Lwapu, lwapu. Hapo ndipo alipoiachia pumzi.

"Amekunywa," alijiambia, na mkono wake ukapapasa blanketi mpaka ukaukuta mguu wa Kavindu. Bandeji ilikuwa kavu. Mguu haukuwa na joto. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, hana habari na dunia.

Hiyo ilikuwa alfajiri ya siku ya tano. Zilibaki tano nyingine.

Mgeni angeshangaa kuona mama mwenye akili zake timamu akimfungia mbwa aliyemuuma mwanawe nyuma ya jiko lake mwenyewe, akimlisha na kumnywesha, tena akiamka kabla ya jogoo ili amsikilize akinywa. Lakini pale kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kabati, hata wasio wageni walishangaa. Na wengine walishangaa kwa sauti kubwa, wakipita njiani, ili mwenye nyumba asikie.

Mambo yalianza Jumapili baada ya ibada. Kavindu, binti mwenye miaka mitano na miguu isiyojua kutulia, alitumwa na nyanya yake apeleke bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa jirani yao, Mzee Mbuvi, ambaye boma lake liko bondeni karibu na mto. Alirudi bila bakuli. Alirudi akichechemea, damu imeshuka mpaka kwenye soksi nyeupe ya kanisani, na hakuwa akilia. Hilo la kutolia ndilo lililomtoa Syombua mbio.

"Ni mwiba?"

Kavindu akatikisa kichwa.

"Ni nini basi, mama?"

"Kamanda."

Kamanda alikuwa mbwa wa Mzee Mbuvi, wa rangi ya udongo, sikio moja limeraruka kwa vita vya ujana. Hakuna aliyekumbuka siku aliyouma mtu.

"Amekuuma tu hivyo? Ulikuwa unamchezea?"

Mtoto akakaza midomo, akatazama chini, na tangu saa hiyo hakuna aliyepata neno lingine kutoka kwake kuhusu jambo hilo. Si mama, si nyanya, si muuguzi.

Mama mkwe, Wayua, alikuwa ameshakimbilia jikoni na kurudi na majivu kwenye kiganja. "Lete huo mguu."

"Mwaitu, hapana," alisema Syombua. Alimwita mama, kama mke wa mwana anavyopaswa, lakini alikuwa ameshamketisha mtoto juu ya jiwe la kufulia na kukamata sabuni. "Ni maji na sabuni. Dakika kumi na tano."

"Nani alisema?"

"Karatasi."

Syombua aliacha shule darasa la sita. Alipoolewa na kumzaa Kavindu, alianza kwenda masomo ya jioni, ile ngumbaru ya kwenye ukumbi wa kanisa, mtoto mgongoni na kalamu mkononi. Mwalimu wao hakuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo aliwafundisha kusoma kwa karatasi yoyote iliyopita mbele yake: matangazo ya kaunti, maelekezo ya dawa ya kupe, hata kalenda za mwaka uliopita. Karatasi moja ilikuwa ya sheria za kufuga mbwa. Syombua aliijua kwa moyo kwa sababu ndiyo ya kwanza aliyowahi kusoma mbele ya wenzake kutoka juu hadi chini bila kusahihishwa. Sasa, akimwagia mtoto maji mguuni, aliisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile, ikitambaa kutoka neno hadi neno: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mstari wa mwisho, ambao darasa zima liliucheka: usimuue mbwa aliyeuma mtu. Mfungie kwa siku kumi na umjulishe afisa wa mifugo.

Muuguzi wa dispensari hakucheka. Alimdunga Kavindu sindano ya kwanza, akamwambia Syombua warudi siku ya tatu na siku ya saba.

"Ya siku ya tatu ninayo," alisema. "Ya saba nimeiagiza, naomba ifike. Mbwa yuko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Basi mlinde kama yai. Kama ana kichaa cha mbwa, hatafika siku kumi. Ataanza kulegea, atashindwa kumeza, ataogopa hata maji, na atakufa. Lakini akifika siku ya kumi akiwa mzima anakula, basi siku aliyomuuma huyu hakuwa na ugonjwa kwenye mate. Utalala usingizi."

"Na wakimuua leo?"

Muuguzi alifunga kisanduku cha dawa. "Watu wengi humuua. Halafu wanakuja hapa kuniuliza kama mtoto yuko salama, nami sina la kuwaambia."

Waliporudi nyumbani, Mzee Mbuvi alikuwa ameshafika. Alisimama uani, kofia mkononi, Kamanda amefungwa kamba shingoni, rungu limeegemezwa ukutani.

Hapa lazima ieleweke jambo moja. Mzee Mbuvi alikuwa rika la marehemu baba mkwe wa Syombua. Kwa Wakamba kuna haya inayoitwa nthoni: mke wa mwana hasimami njiani mbele ya baba mkwe wake, hampi mkono, hamkabili kwa maneno, na marika wa baba mkwe wanaingia humo humo. Kwa miaka sita Syombua hakuwahi kumwambia Mzee Mbuvi neno moja la uso kwa uso. Hata salamu ilipitia kwa mtu.

"Mama Muindi," mzee alimwambia Wayua, "sina uso. Mbwa wangu ametia jino kwa mjukuu wako. Nimekuja nimmalizie hapa hapa mkiona, ili tubaki majirani."

Huo ndio uungwana aliolelewa nao. Mbwa aliyeuma bila sababu hauawi kimyakimya kichakani. Huletwa afie mbele ya walioumizwa, na hapo ndipo kikombe cha chai kinaweza kupitishwa tena kati ya nyumba mbili.

"Umefanya vizuri, Mbuvi," alisema Wayua. "Nakushukuru."

Syombua alikuwa amesimama kando ya mlango, uso ameugeuzia ukuta, Kavindu amemng'ang'ania sketi. "Mwaitu," alisema, "mwambie mzee asimuue."

Wayua akageuka. "Nimwambie nini?"

"Asimuue. Mbwa akifa leo, hatutajua kama mtoto wangu ni mzima."

Wayua akamgeukia Mbuvi, ambaye alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo na alikuwa amesikia kila kitu. "Anasema usimuue."

"Nimesikia. Muulize, nimwache aume na wengine?"

"Anauliza..."

"Nimesikia, Mwaitu. Mwambie afungwe. Siku kumi."

"Mwambie boma langu ni miiba mitupu, ataruka. Na vijana wakimwona njiani, hafiki kesho jioni."

Wayua alikuwa amechoka kugeuza shingo. Akabaki akitazama katikati, kama mtu aliyeshika kamba inayovutwa huku na huku.

"Basi mwambie atafungwa hapa," alisema Syombua. "Kwangu. Kwenye zizi la ndama."

Hilo Wayua hakulipitisha. "Syombua, umerukwa na akili? Mbwa amemla mtoto wako, nawe unataka kumfanya mgeni?"

"Nataka kumwona kila siku kwa macho yangu. Kuna mtu mwingine atakayemwangalia kama mimi?"

Mzee Mbuvi akavaa kofia. Alilitazama rungu lake, akaitazama ile sketi na mkono mdogo ulioishika. Kisha akamburuta Kamanda mpaka kwenye zizi, akamfunga, akaondoka. Rungu alilisahau, au alijifanya kulisahau.

Afisa wa mifugo alifika Jumatatu kwa pikipiki. Aliitwa Othman, mtu wa Mwingi mjini, mrefu, na alipovua helmeti chini yake kulikuwa na kofia nyeupe ya msikitini. Mutie, kijana wa bodaboda ambaye hakuna jambo la kijiji lililompita bila yeye kulitilia chumvi, alikuwa ameegesha pikipiki yake karibu ili asikose chochote.

"Daktari," alisema Mutie, "si nyinyi mbwa mnamkimbia?"

"Tunayakwepa mate yake," alijibu Othman, akichungulia zizini. "Na wewe ungekuwa na akili ungeyakwepa pia."

Akamuuliza Mzee Mbuvi cheti cha chanjo. Mzee alieleza kuwa siku ya chanjo pale shuleni alikuwa Kabati na mbuzi wake.

"Mbwa naye alikuwa anauza mbuzi?"

Hata Wayua alicheka. Lakini Othman hakucheka alipomgeukia Syombua. Alimtazama vizuri, kisha akamtazama mtoto. "Sheria iko upande wako, dada. Kazi pia iko upande wako. Mlango usifunguliwe. Mtu asimguse, hata kwa mapenzi. Chakula na maji visukumwe kwa fimbo chini ya mlango. Asubuhi na jioni uandike: amekunywa, hajanywa. Amekula, hajala. Anatoka mate. Sauti imebadilika. Unaweza kuandika?"

"Naweza," alisema Syombua, na joto likampanda shingoni kwa namna alivyolitamka, kama mtu anayekula kiapo.

"Akikataa maji, nipigie saa hiyo hiyo."

Alianza na daftari jipya la Kavindu la chekechea. Jumatatu, aliandika, herufi zikiegemea upande mmoja. Jioni. Amekunywa. Amekula ugali wote. Amenitazama.

Mumewe Muindi alipiga simu usiku huo kutoka Malili, ambako alikuwa fundi wa mawe kwenye maduka mapya yaliyokuwa yakijengwa kando ya barabara kuu.

"Nasikia unafuga," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Uliza nani hajaniambia. Mutie amenipigia mara mbili. Syombua, kama ni kuua mbwa, nakuja kesho."

"Ukija, uje umshike mtoto akidungwa. Mbwa tayari ana mtu wake."

Kwa mbali lori lilinguruma. "Wewe na hiyo ngumbaru yako," alisema Muindi mwishowe, lakini sauti ilikuwa imelainika. "Zimebaki ngapi?"

"Tisa."

"Haya. Hesabu vizuri."

Akahesabu. Jumanne Kamanda alikula. Jumatano Kavindu alidungwa sindano ya pili na mbwa akabweka mara moja alipomsikia akirudi. Alhamisi ilipita. Mtoto alikuwa na desturi mpya: alikuwa akikalia kinu kilichopinduliwa, mbali kidogo kama alivyoamriwa, akilitazama zizi kwa muda mrefu kuliko mtoto wa miaka mitano anavyoweza kutazama kitu chochote. Alipoitwa hakuitika. Syombua aliona, akadhani ni hofu, akamkumbatia zaidi usiku.

Ijumaa jioni pipa la maji lilikwisha. Kwa kawaida Syombua aliteremka mtoni, kule mchangani ambako maji huchimbwa kwa mikono nayo hutoka matamu kama ya mvua. Lakini ni mwendo wa nusu saa kwenda, na hakutaka kuliacha zizi muda mrefu huku vijana wakipita njiani na mawe mfukoni. Akaenda kisima kipya cha pampu kilicho karibu na shule, ambako hakuwa amewahi kuchota, akajaza mitungi miwili, akarudi mbio.

Alfajiri ya Jumamosi alifumbua macho gizani na kusikiliza.

Hakukuwa na sauti.

Alihesabu kumi. Akahesabu mia. Jogoo aliwika, punda wa mtu akalia huko mbali, lakini zizini hakukusikika kitu. Kulipoanza kupambazuka alitoka na kuchungulia kati ya mawe. Kamanda alikuwa amesimama. Aliinamisha pua kwenye sufuria, akanusa, akaondoa kichwa. Syombua akachukua fimbo, akaisukuma sufuria karibu naye. Mbwa akarudi nyuma. Akaisukuma tena. Mbwa akarudi nyuma mpaka mkia ukagusa ukuta, akageuza uso.

Syombua akaketi palepale kwenye umande.

Hakuna ambaye angejua. Angeweza kumwaga yale maji na kuandika amekunywa. Alilifungua daftari gotini, akaishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika: Jumamosi. Asubuhi. Hajanywa.

Othman alipokea simu mara ya kwanza. "Anatoka mate?"

"Hapana."

"Amekula?"

"Kidogo, akaacha."

"Sauti?"

"Hajabweka. Yuko kimya tu. Amerudi nyuma, daktari. Ameyakimbia maji."

Othman alivuta pumzi. "Niko Kitui mjini. Nipe saa mbili. Mtu asimguse na mtu asimuue, unanisikia? Hata akiwa mgonjwa, namtaka akiwa hai nimwone."

Lakini Mutie alikuwa akipita na pikipiki, akamwona ameketi chini, akauliza, na Syombua hakuwa na nguvu ya kudanganya. Jua lilipochomoza sawasawa, wanaume wanane walikuwa uani na marungu. Mzee Mbuvi alikuja wa mwisho na kamba yake.

Ndani ya jiko, Wayua alikuwa amewasha moto na kupika chai kama anavyofanya dunia ikiwaka au isiwake. Akammiminia Kavindu. Mtoto akaonja, akakunja uso, akakisukuma kikombe.

"Kunywa, Kavindu," alisema nyanya yake.

Kavindu akatikisa kichwa.

"Kunywa," alisema Syombua mlangoni, na sauti yake haikuwa sauti yake. "Mama, kunywa kidogo tu. Kidogo."

Mtoto akakirudisha kikombe nyuma kwa mikono miwili, akageuza uso.

Vile vile. Vile vile kama mbwa alivyogeuza uso. Syombua alipiga magoti, akakishika kidevu cha mtoto, akamtazama macho, akamgusa paji la uso, shingo, tumbo. "Koo linauma? Huwezi kumeza? Niambie, mama, huwezi kumeza?" Na kwa sababu mtoto hakujibu, na kwa sababu hakujua afanye nini kingine, alikichukua kile kikombe akanywa yeye mwenyewe.

Akatema.

"Mwaitu," alisema polepole. "Hii chai umeitia nini?"

"Sukari. Ningetia nini?"

"Ina chumvi."

"Si ni hayo maji yako ya pampu! Nilidhani ni ulimi wangu wa uzee."

Syombua alikitazama kikombe. Akainuka, akachota kata kutoka kwenye mtungi, akaonja tena maji yenyewe, bila majani, bila maziwa. Chumvi, na ladha ya chuma. Siku zote tano pipa lilikuwa na maji ya mtoni. Na boma la Mzee Mbuvi liko mtoni kabisa.

Nje, Mutie alikuwa ameshaokota jiwe. "Tusingoje mtu wa mjini," alikuwa akisema. "Ameogopa maji, si ndiyo yenyewe? Tumalize."

Syombua alitoka na kata mkononi. Alipita katikati ya wanaume, na hakugeuza uso ukutani, wala hakumtafuta Wayua ampitishie neno. Alisimama mbele ya mzee, akamtazama.

"Mzee Mbuvi, mbwa wako hunywa maji gani?"

Mwanamume mmoja alishusha rungu kwa aibu ambayo haikuwa yake. Mzee alitazama vidole vya miguu yake, kofia akaivua, akaivaa, akaivua tena.

"Ya mtoni," alisema mwishowe. "Ya mchangani. Hajawahi kupewa mengine."

"Onja haya."

Mzee akaipokea kata kutoka mkononi mwake. Akaonja. Mashavu yakamwingia ndani. "Haya hata mimi singekunywa."

"Nipe saa moja," alisema Syombua. "Saa moja tu. Asipokunywa ya mtoni, nitanyamaza."

"Saa moja!" alisema Mutie. "Na akitoroka? Nani atamlinda?"

Hapo Wayua akatoka jikoni na kigoda chake cha miguu mitatu. Alikiweka mbele ya mlango wa zizi, akaketi, akatandaza kanga juu ya magoti, akachukua rungu la Mbuvi lililokuwa bado limeegemea ukutani tangu Jumapili.

"Anayemtaka mbwa apite juu yangu," alisema. "Na leo nimekunywa chai ya chumvi, sina furaha na mtu."

Syombua alikimbia. Aliteremka njia ya bondeni, mtungi ukimgonga mgongo, akapita boma la Mzee Mbuvi, akaingia kwenye mto usio na maji ambao ni mchanga mweupe toka ukingo hadi ukingo. Shimo lake la zamani lilikuwa limeporomoka. Alipiga magoti akachimba, kwanza kwa kata, kisha kwa mikono, mchanga mkavu, kisha mchanga wa baridi, kisha mchanga mzito, mpaka chini kukaanza kung'aa. Maji ya mchangani hayaharakishwi. Yanajikusanya yenyewe, kijiko kwa kijiko, na ukiyachota mapema unapata tope. Alikaa juu ya visigino vyake akayangoja. Hakuomba maombi marefu. Alisema tu, "Jaa. Jaa," kwa sauti aliyozoea kumwambia Kavindu lala.

Aliporudi jua lilikuwa limepanda, na wanaume walikuwa wameketi chini ya ukuta kama watu walio kwenye foleni ya kinyozi. Hakuna aliyempita Wayua. Syombua alivuta sufuria kwa fimbo, akaimwaga, akaisuuza, akamimina maji mapya, akaisukuma ndani.

Kamanda alinyoosha shingo. Akanusa. Sikio lililoraruka likasimama.

Lwapu.

Mtu alikohoa, akanyamazishwa. Lwapu, lwapu, lwapu, lwapu. Alikunywa mpaka sufuria ikaanza kusogea yenyewe, akailamba chini, kisha akaketi na kuwatazama wote kupitia upenyo, akingoja kingine.

"Kumbe ni mheshimiwa," alisema Mutie, akitupa jiwe lake nyuma ya ua. "Anachagua maji." Wakacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wameogopa.

Jikoni, Kavindu naye alipewa chai ya maji ya mtoni. Alimaliza kikombe na kuomba kingine. Syombua aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akalifungua daftari. Chini ya lile neno hajanywa akaongeza: Saa mbili. Maji ya mtoni. Amekunywa yote.

Othman alifika, akamwangalia mbwa kwa nusu saa, akasoma kurasa zote kutoka Jumatatu. Alipofika kwenye mstari wa Jumamosi asubuhi alisimama. "Hapa ungeweza kudanganya."

"Ningejidanganya mwenyewe."

Akamrudishia daftari kwa mikono miwili. "Zimebaki nne," alisema.

Sindano ya siku ya saba ilichelewa, ikafika Jumatatu, na Kavindu akadungwa bila kulia. Kila alfajiri Syombua alisikiliza gizani, na kila alfajiri alisikia. Kila jioni aliteremka mtoni, na kila alipoteremka Wayua alikaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi, bila kuombwa, akimsema mbwa kwa Kikamba kama anavyowasema wajukuu.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatano. Muindi alikuwa amefika kwa gari la usiku, bado ana vumbi la mawe kwenye nyusi. Othman alifungua mlango wa zizi mwenyewe. Kamanda alitoka, akajinyoosha mbele na nyuma, akapiga miayo. Othman akamchanja, akaandika cheti, akampa Mzee Mbuvi.

"Ni mzima," alisema. "Na mtoto ni mzima. Hiki cheti kina mwaka mmoja. Mwakani usiende Kabati siku hiyo."

Muindi alimwinua Kavindu juu, akamshusha. Syombua alikuwa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na bado anahisi kamba kwenye paji la uso. Alitaka kucheka.

Lakini Mzee Mbuvi hakuwa akicheka. Alikuwa amekunja cheti, amekitia mfukoni, na kutoka mfuko mwingine ametoa kamba. Akamtazama Syombua, moja kwa moja safari hii.

"Mke wa mwanangu," alisema, "ulinitaka siku kumi, nami nimekupa. Ulikuwa sawa, nami sikujua. Lakini damu ya mtoto ilimwagika Jumapili ile na ipo palepale. Mbwa aliyeuma bila sababu siwezi kupita naye njia moja na nyinyi. Nitamteremsha bondeni, mbali na macho ya mtoto. Uniruhusu nimalize uungwana wangu."

Syombua alimtazama Othman. Othman akafungua mikono. "Sheria ya siku kumi imekwisha. Mbwa ni wake."

"Mzee..." alianza Muindi, kisha akaukaza tu mkono wa Kavindu, maana alijua uungwana ule, naye alikuwa amelelewa nao.

Kamba ilikuwa tayari shingoni. Kamanda alinusa kiatu cha mwenyewe na kutikisa mkia.

Kavindu akamwachia baba yake mkono. Akatembea mpaka mbele ya mzee, akapita kando ya mbwa bila kurudi nyuma, akasimama na mikono yake miwili ameificha nyuma ya gauni. Aliinua uso, na midomo iliyokuwa imekazwa kwa siku kumi ikafunguka.

"Mimi ndiye niliyemkanyaga mkia."